Mfuko Kwenye Mwaridi

11 Februari

Kwako Dada,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila kikohozi cha Baba kimerudi na hataki kusikia habari ya daktari. Anasema kikohozi chake ni cha zamani, wanajuana. Redio yake anaifungua na kuifunga kila Jumamosi ingawa haina kosa lolote, mazoea ya ufundi yamemkaa mikononi. Kitaluni tumepata msimamizi mpya, naye anataka viriba vya miche vipangwe kwa rangi za maua, wakati maua yenyewe bado hayajatoka. Mwaridi wa marehemu Mama umerefuka mpaka unachungulia jikoni. Mwanao Chiriku ameng'oka jino la mbele. Tulidhani maneno yatapungua, kumbe sasa yamepata mlango.

Salamu zimeisha. Sasa nisikilize.

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Tukipigiana tunapayukiana, na nyumba hii unaijua, kuta zake hazitunzi siri. Mama alikuwa akisema ugomvi ukiutia kwenye bahasha hupoa njiani. Huu sidhani kama utapoa, lakini angalau mtoto hatausikia.

Nazungumzia ile picha. Umesimama kwenye hicho kituo chenu cha wanyama yatima, umevaa buti, umening'iniza mfuko wa kitambaa kifuani, na ndani ya mfuko kuna kile kinyama chako cha mitini, posamu sijui, kina macho kama vifungo vya koti na mkia wa panya aliyefanikiwa maishani. Na unakitazama. Dada, unakitazama kwa namna ambayo sijawahi kukuona ukimtazama mtu. Chiriku aliiomba picha, akaibandika ukutani juu ya kitanda. Ningemkatalia kwa lipi?

Wiki iliyopita mwalimu wao alimtaka kila mtoto achague mmea mmoja na mnyama mmoja anaowajua, asimame aeleze wanafanana wapi na wanatofautiana wapi. Mmoja akasema mchungwa na kuku. Mwingine akasema nyasi na ng'ombe, akamaliza upesi kwa sababu mmoja anamla mwenzake. Mwanao akasema mwaridi wa nyumbani na mnyama wa mama. Mwalimu alinisimamisha getini kunisimulia, anacheka, anashika mbavu, mpaka alipofika mwisho wa hadithi. Hapo hakucheka tena.

Chiriku alisema hivi: "Wote wanapenda juu, hawapendi chini. Wote wanachoma, mwaridi una miiba na mnyama ana kucha. Mwaridi una maua, mnyama ana mfuko. Mwaridi hauli mtu chakula chake, mnyama anakula. Mama anambeba mnyama kwa sababu analia. Mwaridi haulii, kwa hiyo haubebwi, unamwagiliwa maji tu."

Jioni nikimuosha miguu akaniuliza, "Kwani mimi siku ile nililia kidogo?"

Siku ile unaijua. Ulisema unakuja. Alisimama getini tangu asubuhi na gauni lake la manjano, hataki kukaa asije akalikunja. Hukuja, na mpaka leo hujasema kwa nini. Nimekuuliza mara ngapi? Nijibu, Dada. Kama huna jibu, basi usitutumie picha za wanyama unaowabeba.

Mdogo wako.


6 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mpe Baba shikamoo yangu, umwambie hata marafiki wa zamani hupelekwa hospitali. Mimi mzima. Hapa baridi imeanza kunikumbatia kwa nguvu, nalala na soksi. Fundi mwashi wako hajambo? Barua nzima hukumtaja, na wewe zamani ulikuwa huwezi kuandika mistari mitatu bila kumchomeka.

Umeniita mama wa panya. Neno lenyewe hukuliandika, lakini nimelisikia mpaka huku.

Basi nikuambie habari za huyo panya. Mama yake alikanyagwa na gari, akatupwa kando ya barabara kama gunia. Mpita njia mmoja mwenye roho akainama, akatia kidole kwenye mfuko wa tumbo la maiti, akakuta kitoto kinapumua. Wengine wote walikuwa wamepita. Unajua kwa nini watu wa hapa hawawapendi? Wanapanda kwenye bustani na kula machipukizi ya waridi. Ndiyo, waridi! Mwaridi wa Mama ungekuwa huku, wangeubakizia miiba tu. Kwa hiyo usidhani sikuelewa mlinganisho wa Chiriku. Nimeelewa nani ni ua na nani ni mharibifu. Ninachotaka kujua ni nani aliyempangia kichwani.

Sasa jambo lenyewe. Kibali cha Chiriku kuishi huku kimetoka. Nakuja Agosti kumchukua mwanangu, Oktoba aanze muhula wa shule huku. Sikuombi, nakuarifu.

Pia nimemshonea mfuko wa kitambaa. Mwenzangu mmoja wa kazini anasafiri pande zenu, atawaletea. Mpe alale nao. Usianze kunihoji ni wa nini. Si kila kitu kati yangu na mwanangu lazima kipite kwenye forodha yako.

Lile la gauni la manjano nimelisoma. Sijibu.

Dada yako.


2 Aprili

Dada,

Shikamoo, maana adabu niliyofunzwa bado haijaniisha, ingawa iko ukingoni. Baba alikwenda hospitali, akapewa dawa, akamfundisha daktari jinsi ya kurekebisha saa yake ya ukutani. Msimamizi ameachana na mambo ya rangi, sasa anataka viriba vipangwe kwa urefu.

"Nakuarifu." Nimelirudia neno hilo nikipogoa, nikichekecha udongo, nikikaanga vitunguu. Ofisi ndizo huarifu, Dada. Idara ya maji huarifu. Mimi niliyekesha na surua yake, niliyemfundisha kushika kijiko, niliyeitwa shuleni alipompiga ngumi mtoto wa mwenye duka, naarifiwa!

Anapenda nini asubuhi? Anaogopa nini? Wimbo gani ukiuimba anaziba masikio? Andika majibu kwenye barua ijayo kisha tuongee habari za Agosti.

Mfuko wako umefika. Yule mwenzako ni mstaarabu, alikataa hata chai. Mfuko umefungwa ndani ya nailoni mbili kama dawa ya sumu. Nimeufungua. Kitambaa cha zamani, kimechakaa, hata kufuliwa hakikufuliwa, kinanuka jasho la mtu! Ni uleule unaombebea kinyama kwenye picha, au ndugu yake. Mtoto wa mtu anatumiwa nepi ya posamu alale nayo. Sikumpa, na sitampa.

Lakini mimi situpi kitu. Pamba yake ni nzuri, inashika unyevu. Nimechagua tawi moja la mwaridi wa Mama, nikabandua gome lake kama pete, nikalivisha mfuko wako, nikaujaza udongo na samadi, nikafunga juu na chini. Kitaluni ndivyo tunavyopata mti mpya kutoka kwa wa zamani. Tawi linatoa mizizi likiwa bado linanyonya kwa mama yake. Unasubiri. Unabonyeza mfuko kwa vidole, ukiwa mwepesi unasubiri tena. Unakata pale tu mizizi ikishaujaza. Ukiwahi, hujapata mti, umepata kuni.

Chiriku kwako hana hata unyuzi wa mzizi. Anajua uso wako kwa sababu uko ukutani. Agosti ni mapema, na kama kweli unajua kulea, hata kinyama, unajua kwamba ni mapema.

Namwachia nafasi hapa chini akusalimie. Sitamsahihisha kitu.

Mdogo wako.

*Shikamoo mama wa kwenye picha. Mama amesema nikusalimie. Jino langu linaota lakini limepinda. Mnyama hajambo? Mimi Chiriku.*


25 Aprili

Kwako,

Baba mpe shikamoo yake. Wengine naona salamu mnajipa wenyewe.

Nimesoma mistari ile michache ya Chiriku mpaka karatasi imelegea. "Mama wa kwenye picha." Na huyo "Mama" aliyemwambia anisalimie ni nani? Mama yetu alishazikwa. Nijibu wewe mwenye maswali mengi.

Na sasa nikueleze ulichokifanya.

Kile kitambaa ni gauni langu la kulalia. Nililivaa wiki nzima kabla ya kulikata, na sikulifua kwa makusudi. Kituoni kwetu anapoletwa mtoto aliyetolewa kwa mama yake, hatumpi kwanza maziwa. Tunatafuta kitu chenye harufu ya mama, hata manyoya kidogo ya yule aliyekufa, tunakitia ndani ya mfuko atakaolala. Asipoipata harufu hiyo analia, kisha ananyamaza, kisha hali. Nimewaona wakifa hivyo, shibe iko kando yao.

Nikajiuliza, mwanangu ana nini changu? Sauti yangu kwenye simu ni kelele za kugombana na wewe. Uso wangu ni karatasi. Nikasema harufu ninayo. Nikalala nayo, nikashona kwa mkono, nikafunga nailoni mbili isije ikatoka njiani. Na wewe umeitia samadi. Samadi, mdogo wangu! Ungeweza kukitupa uvunguni, ningekusamehe. Ungeweza kufutia dirisha. Wewe ukaenda ukakijaza mavi ya ng'ombe ukakitundika uani, mtoto apite akikitazama bila kujua ni nini.

Unanifundisha habari za kusubiri. Ngoja na mimi nikufundishe. Kituoni tuna kanuni moja haivunjwi: aliyemlea mnyama siye anayemwachia. Kwa sababu yule aliyemlea kila siku atasema bado. Bado mdogo, bado kuna baridi, bado hajui kupanda. Mwenzangu mmoja alimng'ang'ania wake mpaka mnyama akaogopa miti. Mnyama wa mitini, mti anauogopa! Analala ndani ya kiatu cha mtu. Huyo hakupona, na yule mwenzangu mpaka leo anasema alimpenda.

Ulitaka jibu la gauni la manjano. Haya, lichukue. Mzigo nilikuwa nimeshaufunga na tiketi ninayo. Karatasi zangu zilikuwa bado mezani kwa wakubwa, wakaniambia nikitoka sirudi, na nisiporudi Chiriku haji huku maisha. Nikafungua mzigo. Sikukuambia kwa sababu ungemwambia mtoto, "Mama yako amechagua karatasi." Na angekuamini, maana wewe anakuamini kwa kila kitu.

Anaogopa nini, umeuliza. Alikuwa anaogopa sauti ya cherehani. Kama sasa anaogopa kingine, nitakijua Agosti.

Na fundi mwashi? Nimeuliza, hukujibu.

Dada yako.


19 Mei

Dada,

Shikamoo. Baba nafuu.

Barua yako niliisoma nimesimama katikati ya viriba, msimamizi ananiita na mimi simsikii. Nilirudi nyumbani mchana, nikaenda moja kwa moja kwenye mwaridi nikaanza kufungua kamba. Baba akatoka na bisibisi mkononi. Nikampa barua yako akaisoma yote. Akasema, "Ukifungua sasa, tawi linakufa na harufu hairudi. Utakuwa umeua viwili." Akaingia ndani akawasha redio kwa sauti kubwa, na wewe unajua ni wakati gani Baba hataki tumsikie.

Nikafunga tena kamba.

Chiriku alipotoka shule nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, kwamba mama yake alilala na kitambaa kile ili yeye akinuse, na mimi kwa hasira zangu nikakifanyia vile. Alivuta kigoda, akapanda, akapenyeza kichwa kwenye miiba, akabandika pua kwenye mfuko. Akakaa hapo. Nikamuuliza, "Unanusa nini?" Akasema, "Mbolea."

Sasa kila akirudi shule anaanzia pale, mikono yake imejaa mikwaruzo. Jana nimemsikia akimringia mtoto wa jirani: "Mama yangu ananuka mbolea. Wako ananuka nini?"

Sitakuomba radhi. Ungeandika sentensi moja tu, "Kina harufu yangu," basi. Sentensi moja! Ukaona kuninyima mimi ni bora kuliko kumpa yeye. Nimekukasirikia mpaka nashindwa kulala, na mikono yangu nayo nimeikasirikia, lakini hiyo siwezi kuiandikia barua.

Kuhusu "Mama", sikumfundisha. Alianza mwenyewe siku ile ya gauni la manjano, jioni yake, nikimvua viatu. Nilinyamaza tu. Ungekuwa wewe ungemkataza? Mtoto wa dada yangu ni mwanangu, na hilo hukulianzisha wewe wala huwezi kulifuta.

Mdogo wako.


12 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Niliposoma "Wako ananuka nini?" nikacheka peke yangu jikoni, kisha nikalia, kisha nikakasirika upya, maana maneno hayo yalikuwa haki yangu niyasikie kwa masikio yangu.

Yule wa kwenye picha ameachiwa. Mwambie Chiriku. Si mimi niliyemfungulia, nilikaa ndani nikiosha chupa. Na asije akadhani tunawatupa. Tunapeleka kiboma chake, na mfuko wake ndani, chini ya mti na kukiacha mlango wazi. Mwanzoni anatoka, anapanda, anarudi kulala. Anaenda mbali kidogo, anarudi. Halafu siku moja unakuta mfuko umelala bapa, hakurudi. Hakuna anayemsukuma.

Agosti nakuja. Tarehe sibadilishi, hata ukiniandikia kwa miiba.

Na huo mche mnaouotesha, msimfungie mtoto safarini. Huku mmea wowote kutoka nje unachukuliwa uwanja wa ndege na kuchomwa moto. Mwambie mapema asije akalia mbele ya askari.

Kwa mara ya mwisho, fundi mwashi yuko wapi? Ukinyamaza tena nitamuuliza Baba.

Dada yako.


8 Julai

Dada,

Shikamoo. Baba anakula, analalamika chumvi, kwa hiyo amepona. Jino la Chiriku limenyooka kidogo. Chumba cha Mama nimekitoa vumbi na pazia nimelifua.

Usimuulize Baba, nitasema mwenyewe. Fundi mwashi ameoa. Alikuja akasema yuko tayari kunichukua. Nikamuuliza, "Utatuchukua?" Akasema tena, "Nitakuchukua." Nikamkaribisha chai, akanywa, akaondoka. Ilikuwa mwaka ule wa gauni la manjano. Sikukuambia kwa sababu ungenionea huruma, na mimi huruma yako siitaki, ni hasira yako tu ninayoiweza. Sasa usiniulize tena.

Barua yako ya mwisho nimeisoma na nimekupata kwa maneno yako mwenyewe. Kiboma chini ya mti na mlango wazi, si ndivyo? Basi mnyama asipate heshima ambayo mwanao hapati. Utakuja, hutamchukua siku utakayofika wala wiki utakayofika. Utalala chumba cha Mama. Utamuosha miguu, utaitwa shuleni, utagombana naye habari ya uji. Milango yote miwili, wako na wangu, itakuwa wazi. Anajua kutembea. Mwanzoni atakuja kwako kukunusa kisha atarudi kulala kwangu, na wewe utavumilia. Siku nitakayoamka nikakuta kitanda changu kimelala bapa, siku hiyo fungeni mizigo. Sitasema bado. Nikisema, nisomee kanuni yenu.

Mfuko umejaa. Nimeubonyeza jana, ni mgumu kama ngumi, mizizi imetoboa mishono yako na kutokeza nje, myeupe. Mshono wako wa hovyo, lakini umeshika. Chiriku ameshaambiwa kwamba mche hausafiri. Amesema sawa, utabaki na Mama mdogo, "umwagiliwe". Ndivyo alivyoniita, Mama mdogo. Hakuna aliyemwambia. Nilikuwa nakata vitunguu, ilinisaidia.

Kwa kawaida tawi hukatwa siku hiyohiyo mfuko ukijaa. Nimekata matawi tangu nimalize shule, sijui idadi yake, sijawahi kufikiri mara mbili. Leo asubuhi nimetoka na mkasi nikausogeza chini ya mfuko. Mkono umekataa. Nimejaribu tena mchana, umekataa. Nimeurudisha mkasi kwenye ndoo.

Aliyemlea siye anayemwachia, ulisema. Basi njoo ukate mwenyewe. Usichelewe, mizizi haisubiri mtu, na getini mtoto ameshaanza kusimama. Gauni la manjano halimtoshi tena, kwa hiyo usilitafute.

Bado nimekukasirikia.

Mdogo wako.